Kidonda Kisichojua Basi

Wanaonijua huku kwetu karibu na Garsen huniita Mama Komora, na wasionijua husema yule mama wa mguu. Yote mawili naitika. Nimeamua kuandika haya kwa sababu miezi niliyolazwa nilitamani sana kumpata mtu mmoja aliyepita njia ile kabla yangu, aniambie kesho kunakuwaje, na sikumpata. Madaktari walinieleza yao, na walinieleza vizuri. Lakini daktari hawezi kukuambia godoro lako litanuka vipi, wala mwanao atakutazama kwa jicho gani, wala jinsi mume mwema anavyoweza kumkasirikia mgonjwa kana kwamba ugonjwa ni ukaidi. Hayo ndiyo ninayoyajua mimi.

Habari yenyewe inaanza na mamba, ingawa mamba si sehemu kubwa. Nilikuwa msichana, bado kwa mama yangu, nimeshuka mtoni na shangazi kuteka maji. Mamba alinidaka mguu wa kushoto, chini ya goti. Shangazi akanikamata mkono huku akimtwanga yule mnyama kwa ndoo, wanawake wengine wakaja wakipiga maji na kupiga kelele, akaniachia. Watu hupenda nikae hapo kwa urefu. Huwa nawaambia kuwa kilichonitesa si dakika zile, ni miaka iliyozifuata. Nyama ya muundi ilikuwa imeondoka, na juu ya mfupa ikaota ngozi nyembamba, inayong'aa, kama utando unaojifanya juu ya maziwa yakipoa. Ngozi ile haikustahimili kitu. Nikijigonga na jembe, inafunguka. Nikipita kwenye matete, inafunguka. Naiosha kwa maji ya chumvi, nafunga kitambaa, baada ya wiki kadhaa inajifunga. Masika yakija inafunguka tena. Nililima na kidonda hicho, nikaolewa nacho, nikazaa nacho watoto watatu, Komora akiwa mdogo wao. Mume wangu, Baba Komora, alinichumbia akikijua. Alikuwa akitania kwamba ameoa wake wawili, mimi na kidonda, na mwenye madai mengi ni yule mdogo.

Kisha ukaja mwaka wa ukame, ule uliotangulia mvua kubwa iliyovunja barabara zetu zote, na kidonda kikabadilika tabia. Kwanza kilikataa kufunga. Halafu kingo zake zikainuka, zikawa ngumu, zimejikunja kama uyoga unaoota kwenye gogo lililooza. Kilikuwa hakiumi, na kutouma huko ndiko kulikonidanganya, maana mimi nilizoea kupima ubaya wa jambo kwa maumivu yake. Ila kilitoa damu kwa kuguswa tu na leso. Na kilinuka.

Nisamehewe kwa kulitaja hili la harufu, lakini nikiliruka nitakuwa sijasema kitu. Nilikiosha asubuhi na jioni. Nilivaa leso mbili. Kanisani, mwanamke niliyeimba naye benchi moja tangu tukiwa vijana alihamia upande wa dirisha akisema anataka upepo. Siku ile hakukuwa na upepo wowote. Sikumlaumu. Nilikaa pale peke yangu na kitabu changu cha nyimbo, nikaimba kwa sauti ndogo, na baada ya hapo nikaanza kupata udhuru kila Jumapili.

Aliyenifungua macho ni binti yangu mkubwa, Hadhara, aliyekuwa karibu kumaliza shule ya msingi. Tulikuwa jikoni. Akaniambia, "Mama, Komora hataki kulala kwako tena."

"Kwa nini?"

"Anasema mguu wako unanuka kitu kilichokufa."

Aliyasema hayo akitazama chungu, hakunitazama mimi. Nikaona kumbe ameyabeba maneno hayo siku nyingi, akitafuta pa kuyatua. Nikamwambia ahsante. Kesho yake nilivuka mto nikaenda Garsen.

Kwenye kituo cha afya nilikaa kwenye benchi nje tangu umande haujakauka. Tabibu alinifungua kitambaa, akainama kukitazama kidonda. Aliniuliza ni kidonda cha lini, nikamwambia. Akanibonyeza kwenye kinena, upande uleule wa mguu mbaya, akakuta mtoki, uvimbe wa ukubwa wa kokwa ya tende. Alinawa mikono, akarudi akavuta kiti karibu.

"Mama, hiki si kidonda tena. Ni kitu kingine kilichoota ndani ya kidonda. Sina uwezo nacho hapa. Nenda Malindi."

Malindi ilinifundisha kungoja. Mtu wa shamba anajua kungoja mvua, anajua kungoja mpunga, lakini huko kungoja kuna kazi ndani yake, unapalilia, unafukuza ndege. Kwenye benchi la hospitali huna cha kufanya ila kutazama vidole vya miguu ya wenzako. Nilizijua nyufa zote za sakafu ile. Nilijifunza kukaa mwisho wa benchi, karibu na mlango, ili atakayekerwa na harufu asione haya kusogea. Walinikata kipande kidogo cha nyama pembeni mwa kidonda, wakasema kitapelekwa Mombasa kikachunguzwe. Upepo wa kipupwe ulikuwa ukivuma siku hiyo. Majibu yaliporudi, kipupwe kilikuwa kimekwisha na joto limeanza.

Tulikwenda kuyapokea mimi na Baba Komora. Daktari alikuwa mwanamke wa Kidigo, mfupi, mwenye sauti ya chini. Hakuzunguka. Alisema ni kansa ya ngozi, na kwamba mguu utabidi ukatwe chini ya goti, na ule mtoki utolewe ukachunguzwe kama kansa imefika huko.

Baba Komora akauliza, "Kansa ya ngozi kwa mtu mweusi inatoka wapi? Si ugonjwa wa Wazungu huo, wa kulala juani?"

"Jua ni njia moja," daktari akajibu. "Kuna nyingine." Akanigeukia mimi. "Mama, wewe ukijikata na kisu kidole, kinapona. Unajua kinaponaje?"

Nikasema najua kinapona tu.

"Mwili wako umejengwa kwa chembe ndogo sana, hazionekani kwa macho. Ukijikata, chembe za pembeni zinazaana ili kuziba pengo. Zikikutana katikati, zinaacha. Umewahi kujiuliza nani anaziambia ziache?"

"Sijawahi."

"Ndani ya kila chembe kuna protini, kazi yake ni kuzuia. Pengo likijaa, inasema basi, inatosha. Chembe ikizaliwa na kasoro, inaisimamisha isizae, na ikishindikana inaiamuru ife, ili kasoro isienee. Sasa kidonda chako kimefunguka na kufunga tangu usichana wako. Kila kinapofunguka, chembe zinaitwa kazini, zizae tena. Kwenye kuzaana kwingi hivyo makosa hutokea. Siku moja kosa likaiangukia ileile protini ya kuzuia. Chembe hiyo ikakosa wa kuiambia basi. Ikazaa watoto wasiojua basi, nao wakazaa wengine, na kasoro juu ya kasoro. Hicho ndicho unachokiona kimeinuka hapo. Hakijui mpaka. Kitakula mfupa, kitashika mshipa, kitapanda."

Protini ile ina jina lake, la herufi na nambari. Alilitaja, sikulishika. Lakini maneno mengine yote niliyashika, na nitaeleza kwa nini yalinifaa.

Nilimuuliza, "Kwa hiyo si mamba?"

"Mamba alifanya kidonda. Yaliyobaki yamefanywa na umri wa kidonda."

"Wala si mimi?"

"Si wewe, mama. Hakuna mtu anayeiharibu protini yake kwa kutaka. Ungepandikizwa ngozi mapema pengine tusingefika hapa, lakini nani alikuambia?"

Hakuna aliyeniambia. Nikauliza kama ipo dawa ya kuirudisha ile protini iliyokufa. Akasema watu wenye elimu wanatafuta, hawajapata, na mguu wangu hauwezi kuwangoja.

Baba Komora akasimama. "Twende nyumbani tukashauriane," akasema.

Walioshauriana ni watu wa upande wake. Shemeji yangu Buya, kaka yake mkubwa, alikuwa na hakika kwamba mguu alioushika mamba hauna dawa ya msumeno. Mamba wa kawaida, alisema, akikukosa amekukosa, na huyu bado anakula ndani kwa ndani, maana yake alitumwa. Alimjua mganga upande wa Kilelengwani. Wengine walitikisa vichwa kukubali. Mimi nilikuwa nimekaa mkekani, mguu nimeufunika, nikawa najadiliwa kama ng'ombe aliyevunjika.

Nikaomba niseme. Nikawaeleza kama nilivyoelezwa, kwamba mwilini kuna kitu kinachosema basi, na kwangu kimekufa mahali pale, na hakijafishwa na mtu. Nilieleza polepole, nikarudia. Buya akacheka kidogo. Lakini mama mkwe wangu, ambaye miaka yote alikuwa mkali kwangu, mtu wa kunihesabia makosa ya chumvi na kuni, aliinua mkono anyamazishe wote.

"Na hicho kinachozuia," akaniuliza, "hakirudi?"

"Hakirudi, mama."

"Kama ndani hakuna wa kuzuia, basi wa nje azuie. Wakate."

Nilimtazama sikuamini. Hakunitazama, alikuwa akitafuta fimbo yake ainuke.

Aliyebaki kukataa ni Baba Komora peke yake, na kwake hoja hazikuingia. Ikawa nikitaja Malindi anatoka nje. Akawa mkali kwa watoto. Nikiangusha kikombe, anasema sijali. Wiki zikapita, na mimi nikihisi mguu ukizidi uzito. Siku moja natwanga mpunga uani, mtwangio ukanigusa muundi kidogo tu, damu ikachuruzika isikatike. Hadhara alinifunga kwa leso yake ya shule ya Jumapili, ikalowa, akafunga nyingine. Mawingu yalikuwa yamejaa upande wa bara, na watu waliotoka juu ya mto walisema huko imeshaanza kunyesha vibaya.

Nikamfuata Baba Komora shambani, nikijikongoja. Nikamwambia, "Kesho nakwenda Malindi. Ukija nitafurahi. Usipokuja nitakwenda."

Akaendelea kulima. Halafu akasema bila kuinua kichwa, "Baba yangu aliingia kwenye mlango wa hospitali akitembea. Tulimtoa kwenye blanketi. Mimi ndiye niliyempeleka. Mimi ndiye niliyemwambia hapana neno, ni kukatwa kidogo tu."

Miaka yote ya ndoa yetu hakuwahi kuniambia hivyo. Nilijua baba yake alifia hospitali, sikujua nani alimshika mkono kumwingiza.

"Mimi hunipeleki," nikamwambia. "Najipeleka. Wewe utanisindikiza tu."

Kesho yake asubuhi alikuwa amesimama mlangoni na mkeka wangu umekunjwa begani. Tulivuka, tukapata lori la mahindi lililokuwa likirudi tupu. Tarasaa tulipita matairi yakiwa nusu ndani ya maji. Dereva alisema hatarudi tena mpaka mvua ikatike, na kweli baada yetu ni magari machache sana yaliyopita.

Kuhusu kukatwa kwenyewe sina mengi, maana nilipigwa nusu kaputi. Nitasema hili tu kwa atakayeingia chumba kile. Daktari aliniuliza mimi, si mume wangu, kama nakubali. Nikakubali. Nikaomba niuguse mguu. Nikaushika kisigino, pale ambapo ngozi bado ilikuwa nzima na ya joto, nikaushukuru kimoyomoyo kwa mashamba yote. Unaweza kuona ni upuuzi. Mimi uliniwezesha kulala.

Nilipoamka, kitu cha kwanza nilichosikia ni kidole gumba cha mguu usiokuwepo kikiniwasha. Hilo nalo hawakuwa wameniambia. Nilijikuna godoro. Nikatazama shuka, nikaona lilivyo bapa mahali pa mguu, nikaanza kulia, na kilio hakikukatika, siku nzima.

Kitanda cha pili alikuwa mwanamke wa Kiorma anaitwa Hawo, aliyetolewa uvimbe tumboni. Alikuwa mtu mzima kunizidi, shingo ndefu, mtandio mweusi. Kwetu, mimi na yeye tungekutana, tungekutana kwa ugomvi: ng'ombe wao wameingia mpunga wetu, au sisi tumeziba njia yao ya kwenda mtoni. Alinivumilia mpaka jioni. Halafu akasema kwa Kiswahili chake, "Wewe nalia nini?"

"Mguu wangu."

"Mguu si mtoto. Wewe iko watoto?"

"Ninao watatu."

"Hao nataka mguu ao nataka mama?"

Akaninyooshea chupa ya maziwa aliyoletewa na watu wake. "Kunywa. Kwisha kunywa, kama bado nataka kulia, lia."

Nilikunywa. Maziwa yalikuwa na harufu ya moshi, kama wanavyofukiza vibuyu vyao. Ni chakula cha kwanza kukaa tumboni.

Siku iliyofuata Baba Komora alikuja wodini suruali imejaa udongo mwekundu mpaka magotini. Alikaa kwenye ukingo wa kitanda, upande wa kichwani, mbali na kisiki cha mguu. Akanieleza kwamba muuguzi alimwuliza mguu ule watu wake wanautaka au hospitali iuzike yenyewe. Akashindwa kusema hospitali iuzike. Wakampa umefungwa kwa shuka. Akatoka nao nje akiwa hajui pa kwenda, mgeni katika mji wa watu, mvua inamnyeshea. Mume wa Hawo, mzee aitwaye Galgalo, alikuwa kibarazani amejikinga. Alimwuliza amebeba nini. Alipoambiwa, akasimama, akasema kitu cha mwanadamu hakibebwi na mtu mmoja. Waliomba ruhusa kwa mwangalizi wa makaburi, wakaazima jembe, wakachimba pembeni kabisa, wakipokezana. Galgalo akasoma dua yake. Baba Komora akasema Baba Yetu. Wakaondoka.

"Hakunitajia ng'ombe hata mara moja," Baba Komora akasema, "wala mimi shamba."

Halafu akasema anarudi nyumbani kuwatazama watoto kabla barabara haijafungwa, atarudi baada ya wiki. Ilichukua miezi.

Wale waliokuwepo wanaijua mvua ile. Mto ulitoka kitandani mwake ukaenda unakotaka. Garsen ikawa kisiwa, na hata waliopona wodini hawakuwa na njia ya kurudi. Redio ya wodini ilitaja daraja hili limekwenda na barabara ile imekatika, na kila ilipotaja mto Tana mimi na Hawo tuliinua vichwa. Kidonda cha operesheni kilifunga vizuri. Nilikitazama kila muuguzi alipobadilisha bendeji: ngozi ya huku na ya huku zinasogeleana, zinakutana, zinaacha. Nililelewa na kidonda nisione ajabu ya kuacha. Sasa nilikuwa naiona. Nyuzi zikatolewa, nikapewa magongo, nikajifunza kutembea kwenye ujia kati ya vitanda, Hawo akinihimiza kama anayefundisha ndama kusimama.

Lakini majibu ya mtoki hayakuja. Barabara ya Mombasa nayo ilikuwa imeharibika, mizigo imelala. Daktari alisema kama kansa imefika kwenye tezi za kinena, maana yake zile chembe zisizo na kizuizi zimeshashika safari, na kukata mguu kutakuwa kumetununulia muda tu. Kama haijafika, uvimbe ulikuwa wa uchafu wa kidonda, basi nitapona. Hayo yote mawili nililala nayo. Watoto wangu sijui kama wako hai. Mwili wangu sijui kama ni wangu. Kuna siku niliona heri majibu yasije kabisa, maana maadamu hayajaja sijahukumiwa. Kuna siku niliomba yaje hata yawe mabaya, nijue la kumwomba Mungu.

Nilikonda. Nywele zilikatika mbele. Hedhi ilikoma, ikarudi baadaye sana. Niliota ndoto nakimbia, na nilichukia kuamka. Mwenye kupita hapa asidhani anaharibika akili. Ni mwili unaomboleza.

Siku moja Galgalo alikuja na habari za kwao. Alizungumza na mkewe Kiorma kwa muda. Alipoondoka, Hawo akaniambia ng'ombe wao wanakufa. Waliosalimika maji wanakufa kwa homa, na watu wanaowachinja wanaugua vilevile. Hakulia. Alikunja mtandio wake, akaufunua, akaukunja tena. Nilitafuta neno la kumpa kama alivyonipa yeye, nikakosa, nikahamia kitandani kwake kwa magongo yangu tukakaa. Kwetu nimewahi kumwombea mabaya ng'ombe aliyenilia mpunga. Siku hiyo niliwalilia ng'ombe wa watu.

Majibu yalikuja asubuhi ya jua, la kwanza baada ya siku nyingi. Daktari mwenyewe aliyaleta, akaja moja kwa moja kitandani kabla ya kuvaa koti lake.

"Mama Komora, tezi ni safi."

Nikamwomba arudie. Akarudia. Hawo akauliza, "Yeye nasema nini?" Nikamwambia, nikashangaa kusikia sauti yangu ikitoka kama ya mtu anayetaja bei ya kitu sokoni. Furaha ilikuja siku ya tatu, nikifua leso bombani, ghafla, mpaka nikashika ukuta.

Baba Komora alifika maji yalipopungua. Alikuja kwa mtumbwi, kwa miguu, kwa trekta, na mwisho kwa gari. Nilimwona mlangoni nikashindwa kumwuliza. Akanisoma uso, akasema kabla hajasalimia, "Wote wako hai. Hata mama. Nyumba haipo." Walikuwa kwenye uwanja wa juu pale Garsen, chini ya turubai, pamoja na nusu ya kijiji. Hadhara ndiye aliyekuwa akipika, kupanga foleni ya unga na kumtazama bibi yake.

Nilipofika, Komora alinitazama mguu, akanitazama uso, akauliza, "Umebaki wapi?" Nikamwambia umebaki Malindi, umelala. Akatafakari, akakubali. Siku hiyo alilala kwangu.

Si kwamba yote yalinyooka. Hadhara aliacha shule kwa sababu yangu, akarudi mwaka uliofuata akiwa mkubwa kuliko wenzake, na kulikuwa na ukimya kati yetu ambao ulichukua muda kuisha. Shamba tulianza upya kwenye matope. Nilijifunza kupanda mpunga nimekaa, nikijisogeza kwa makalio kutoka tuta hadi tuta, na watoto wa jirani wakacheka, kisha wakazoea. Baba Komora kwa muda mrefu hakuweza kutazama kisiki. Alinivusha mitaro kwa mgongo, alinitengenezea mpini wa gongo, lakini nikikifunua kukiosha anapata safari. Sikumsukuma. Siku moja nimekwama, muwasho umenishika kwenye kovu na mikono yangu ina matope, nikamwambia nikune. Akasita. Akakuna. Akaendelea kushika baada ya kukuna, akilipapasa kovu kwa kidole gumba, akasema, "Ni laini." Nikasema ndiyo, ni ngozi nzuri, wameipitisha mbali na mfupa.

Mguu wa bandia niliupata Mombasa, baada ya masika mawili. Unanibana wakati wa joto. Kila nikirudi kwa ukaguzi, daktari hunibonyeza kinena pande zote mbili, hunitazama ngozi yote kuanzia kichwani, na mpaka leo hajakuta kitu. Hawo alirudi kwao, na Galgalo akaanza tena kwa mitamba michache. Wakipita na mifugo kwenda mtoni wanapitia upande wetu, na sisi tumeacha nafasi.

Ninayotaka kumwambia msomaji ni machache. Kovu la zamani linalofunguka mara kwa mara, la moto, la jino, la kidonda ndugu, usilizoee. Kidonda kilichobadilika kingo, kinachotoa damu bila sababu, kinachonuka baada ya miaka ya kutonuka, kipeleke kikatazamwe hata kama hakiumi. Na ukiwa na mgonjwa wa namna hiyo nyumbani, mketie karibu.

Mwezi uliopita alinijia mama mmoja kutoka Tarasaa, Kadzo, Mgiriama. Aliungua begani akiwa mtoto, taa ya mafuta ilimwangukia. Alifungua leso akanionyesha. Kingo zilikuwa zimeinuka. Alikuwa amekuja kwangu niseme si kitu. Nilimwona machoni jinsi alivyotaka niseme hivyo, na ningesema, angenishukuru na kwenda zake.

Sikusema. Nilimpa maji, nikamwambia alale, asubuhi tukapanda gari pamoja. Malindi benchi lilikuwa limejaa. Mtu mmoja alisimama akaniachia nafasi kwa ajili ya mguu, nikasogea nikamketisha Kadzo pembeni yangu, bega lake baya upande wangu.

"Na wakisema ndiyo yenyewe?" akauliza.

"Tutakuwa tumejua," nikamwambia, "na tutakuwa wawili."